Samaki Aliyesoma Mkono

Kila asubuhi katika mtaa wa Mabanga, mjini Goma, Mama Mukamugema aliwaamsha watoto wake wawili kwa kuita jina moja tu. Aliita, "Uwizeye," basi. Alijua kwamba Uwizeye akiamka, Mahoro naye ataamka, kwa sababu walilala chini ya blanketi moja na Mahoro hakukubali kubaki peke yake hata kitandani. Uwizeye, msichana, alikuwa na umri wa miaka kumi na miwili, na Mahoro, mdogo wake wa kiume, alikuwa na saba. Walikunywa uji, wakavaa sare zao nyeupe na buluu, kisha wakashikana mikono kwenda shuleni.

Kama umewahi kutembea Goma, unajua kwamba huko mtu lazima achague pa kukanyaga. Mlima wa moto uliwahi kumwaga mawe yake mjini, na hadi leo vichochoro vimejaa mawe meusi yenye ncha, yanayotafuna viatu kuliko panya. Watoto wa mtaa hurukaruka juu yake bila kuangalia chini. Mahoro hakuweza. Alijikwaa asubuhi, akajikwaa mchana, na magoti yake hayakuwahi kupona yote mawili kwa pamoja.

Basi Uwizeye akatunga lugha ya mkono. Alitembea kuliani kwa Mahoro, akamshika mkono wa kulia. Akiubonyeza, kuna jiwe. Akiuinua kidogo, kuna mahali pa kupanda. Akiushusha, kuna shimo. Akiuvuta huku au kule, ni kona. Walifanya hivyo bila kusema neno, mpaka mkono wa Mahoro ukawa unaelewa kabla yeye mwenyewe hajafikiri. Majirani waliwatazama wakasema, "Angalia vile banapendana." Nao walikuwa wanapendana kweli.

Mkono huo ulikuwa na habari yake. Zamani familia iliishi kijijini Kibumba, ikilima viazi na kabichi. Siku walipokimbia vita, barabara ya Rutshuru ilijaa watu, mbuzi, magodoro na pikipiki. Mama alibeba mzigo kichwani, Baba akabeba mwingine, na Uwizeye akapewa kazi moja tu, kumshika mdogo wake. Katika msukumano ule mkono ukaponyoka. Walilala bila Mahoro, wakaamka bila Mahoro, na walipompata alikuwa ameketi kwenye baraza la kanisa asilolijua, sauti imekauka kwa kulia. Baadaye Baba alirudi Kibumba kulima, akawa anakuja kuwaona mara moja moja na gunia la viazi. Lakini hofu ya Mahoro ilibaki naye Mabanga. Na Uwizeye alijiapia moyoni kwamba hatauachia mkono ule tena.

Alijua kwamba mdogo wake haoni vizuri. Alimwona akiinamisha kichwa upande mmoja kama kuku anayetazama punje, na akisoma kitabu mpaka pua inagusa ukurasa. Siku moja chukudu, ile baiskeli kubwa ya mbao inayobeba mizigo, ilikuja upande wa kushoto ikampita Mahoro karibu imguse. Mwenye chukudu akafoka, "Mutoto, huna macho?" Watu wakacheka. Uwizeye naye alicheka kidogo, ili Mahoro asiogope. Alijiambia kwamba hilo ni jambo dogo, litaisha akikua.

Kisha likaja tangazo shuleni kwamba wauguzi wa macho watapita kila darasa kuwapima watoto. Wakati wa mapumziko, Farida, aliyeketi benchi moja na Uwizeye na ambaye alijua kila habari hata zile ambazo hazijatokea, alieleza jambo lote.

"Wenye bataonekana habaone, batapelekwa mbali," alisema. "Kuna masomo ya vipofu, unabakia kule na kulala. Si walimupeleka yule Mirindi?"

Mirindi, ambaye Uwizeye aliwahi kumsimulia Farida, alikuwa mtoto wa jirani yao kule Kibumba. Alipoteza macho, akapelekwa katika shule ya vipofu ya mji mwingine, na tangu kukimbia vita hawakuwa wamesikia habari zake. Mahoro alikuwa amesimama karibu akila muwa. Aliacha kutafuna.

Njiani kurudi nyumbani alimwambia dada yake polepole, akimwita Yaya kama kawaida, "Yaya, miye sitaki kwenda kule kwa Mirindi."

"Hutaenda," Uwizeye alimjibu.

"Na bakijua?"

"Habatajua. Si niko na weye?"

Siku ya kipimo mvua ilipiga mabati mpaka watu wakawa wanapaza sauti kusikilizana. Muuguzi alikuwa mama mmoja mnene mwenye kitambaa cha kijani kichwani, jina lake Kadidja. Alitundika ubaoni karatasi yenye herufi E tupu, kubwa juu, na ndogo zaidi kila mstari ulivyoshuka. Miguu ya herufi hizo ilielekea pande mbalimbali.

"Miguu ikiangalia juu, museme juu," aliwaeleza wadogo. "Ikiangalia chini, museme chini. Ikiangalia huku, museme dirisha. Ikiangalia kule, museme mulango. Ni mchezo tu, hakuna mutu atachapwa."

Uwizeye aliomba ruhusa darasani kwake akaja kusimama na mdogo wake. "Mama, anaogopa," alimwambia muuguzi.

"Basi umushike mukono, mama," Kadidja alisema kwa upole, kama watu wa Goma wanavyomwita mama hata msichana mdogo.

Mahoro alifunika jicho la kulia kwa kiganja cha kushoto. Mkono wake mwingine, uliokuwa ndani ya mkono wa Uwizeye, ulikuwa wa baridi. Kadidja alinyoosha fimbo kwenye herufi kubwa kuliko zote, ile ambayo hata mbuzi angeiona. Mahoro alinyamaza. Ndipo Uwizeye alipofahamu kwamba jicho la kushoto halioni kitu. Nafasi ya kusema ilikuwa wazi. Badala yake aliuvuta mkono kidogo upande wa dirisha.

"Dirisha," Mahoro alisema.

Mkono ukainuka. "Juu." Mkono ukashuka. "Chini." Ukavutwa upande wa pili. "Mulango." Kadidja alikuwa akitazama fimbo yake, na nyuma yao foleni ya watoto ilifika uani. Wakafanya vilevile kwa jicho la kulia, na walipofika mstari wa mwisho, wenye herufi ndogo kama mchwa, muuguzi alipiga makofi.

"Huyu ana macho ya tai," alisema. "Mwingine."

Jioni Mama alipoambiwa, alifumba macho akamshukuru Mungu. Uwizeye alifurahi kama mtu aliyebeba bidoni, yaani dumu la maji, toka bombani hadi nyumbani bila kumwaga tone. Siku nyingi zikapita, mvua zikaja zikaenda, na hakuna aliyekuja kumchukua Mahoro.

Mama Mukamugema alifanya kazi ya kusafisha katika maabara moja ya samaki, ambayo kila mtu aliiita labo. Watoto walimfuata huko baada ya masomo. Chumba kilikuwa na matangi ya kioo yamepangwa ukutani, na ndani yake waliishi wale samaki wadogo wanaojificha katikati ya mawe ya ufuko wa ziwa Kivu. Sambaza, wale dagaa wa ziwa hilo, hawakuwemo, kwa maana sambaza ni wepesi wa kufa, ukimshika tu amekwisha. Mkuu wa labo alikuwa Mama Annonciata, mwalimu mwembamba asiyependa haraka. Alitaka kujua samaki wale wanaona vizuri kiasi gani, kwa sababu mvua kubwa huteremsha udongo ziwani, maji yakachafuka, na samaki asiyeona hapati chakula wala hamtambui mwenzake.

"Na utamuuliza samaki namna gani?" Uwizeye aliuliza siku ya kwanza.

"Kwa kadi," Mama Annonciata alijibu.

Kila kipimo kilikwenda hivi. Samaki aliwekwa upande mmoja wa tangi refu, akazuiwa kwa kibao. Upande wa pili zilisimamishwa kadi mbili. Moja ilikuwa ya kijivu tupu, nyingine ilikuwa na mistari myeusi na myeupe. Kibao kikiinuliwa, samaki aliogelea kuchagua. Akienda kwenye mistari, anaangushiwa punje ya chakula. Akienda kwenye kijivu, hapati kitu. Kadi zilibadilishwa nafasi mara kwa mara ili samaki asizoee upande mmoja. Kisha mistari ilifanywa myembamba, na myembamba zaidi, mpaka samaki anaposhindwa kuitofautisha na kijivu. Hapo ndipo macho yake yalipoishia.

Uwizeye alipenda kazi hiyo kuliko michezo yote. Mama Annonciata alipoona ana mkono mtulivu, alimpa kibano kidogo cha kushikia punje. Uwizeye hakutaka kuchelewa hata kidogo kumlipa samaki aliyejibu vizuri, kwa hiyo alisimama mapema pembeni mwa kadi ya mistari, punje tayari, mkono juu ya maji.

Samaki mmoja alikuwa na doa jeupe kidevuni kama ndevu, wakamwita Muzee. Samaki wenzake walishindwa mistari ilipokuwa myembamba kama uzi. Muzee hakushindwa. Alipewa kadi ngumu, akapita. Akapewa ngumu zaidi, akapita tena, polepole, bila kukosea. Uwizeye alijivuna kwa ajili yake kama mama wa mwanafunzi wa kwanza darasani.

"Mama, Muzee anashinda bote," alisema.

Mama Annonciata hakutabasamu. "Samaki mumoja akishinda benzake bote namna hii, sipigi makofi," alisema. "Ninauliza kwanza."

Alivua kitenge alichojifunga mabegani, akakitundika mbele ya tangi kama pazia, akamwambia Uwizeye akae nyuma yake bila kutoa mkono. Punje wangeiangusha kwa mrija. Kisha akaweka zile kadi rahisi za siku ya kwanza, mistari minene kama vidole, akainua kibao.

Muzee alitoka. Akafika katikati ya tangi, akasimama. Aligeuka huku, akageuka kule, kama mgeni aliyeingia nyumba ya watu gizani. Halafu akaenda kwenye kadi ya kijivu. Walijaribu tena, akagonga kioo. Wakajaribu tena na tena, akawa anabahatisha tu. Uwizeye alichungulia kwenye upindo wa kitenge. Alitamani kunyoosha kidole kimoja tu.

Mama Annonciata aliinama na kioo cha kukuzia, akamtazama Muzee kwa muda mrefu. Alipoinuka, uso wake ulikuwa umelegea kwa huzuni.

"Macho yake yana utando," alisema. "Kivuli cha mukono juu ya maji, hicho njo anaona, mistari hapana. Alikuwa anafwata mukono wako, mutoto wangu. Penye mukono ulisimama, pale njo alienda."

"Toka lini haone?"

"Pengine toka siku alifika. Hatukujua, juu ya vile hatukupima macho yake hata siku moja. Tulipima mukono wako." Akamgusa bega. "Kosa ni langu. Miye njo nilikuachilia usimame pale."

Uwizeye aliuliza, "Kama tungejua mapema, angepona?"

"Samaki, sijui," Mama Annonciata alisema. "Lakini kuna magonjwa ya macho yanangoja, na kuna yenye hayangoje."

Uwizeye alikirudisha kibano mezani akatoka nje. Mahoro alikuwa ameketi mlangoni akicheza na vijiwe, akivipanga kwa vidole huku uso wake umeelekea ukutani. Mama alikuwa bado anasugua matangi, kwa hiyo walianza kurudi nyumbani wawili tu. Walipofika kwenye kichochoro chao, Uwizeye alisimama. Alikuwa na jambo moja la kujua, na aliliogopa.

"Mahoro, leo tembea peke yako. Niko nyuma yako."

"Juu ya nini?"

"Nataka kuona."

Akauachia mkono. Mahoro alinyoosha mikono mbele akaanza kwenda. Jiwe la kwanza alilikosa kwa bahati. La pili lilimgonga kidole, akayumba. La tatu lilimwangusha kifudifudi. Hakulia. Aliketi palepale, akainua mkono wa kulia hewani, akautafuta mkono wa dada yake mahali ambapo dada hakuwepo.

"Yaya, mukono," alisema. "Umeuachilia tena."

Uwizeye alipiga magoti juu ya mawe. Aliliziba jicho la kulia la Mahoro kwa kiganja chake, akaweka vidole viwili mbele ya jicho la kushoto, karibu kabisa. "Ni vidole ngapi?"

Mahoro alisubiri. Kisha akasema kwa utulivu, kama mtoto anayejua vizuri somo lake, "Bonyeza basi, nitakuambia."

Hapo Uwizeye alilia kilio ambacho hakuwahi kulia hata kule barabarani Rutshuru. Mahoro alimpapasa uso mpaka akayapata machozi, akayafuta kwa mkono wenye vumbi. "Usilie, Yaya," alisema. "Siumie sana." Naye hakujua kwamba hakuna neno ambalo lingeweza kumuumiza dada yake kuliko hilo.

Mama aliporudi alimkuta Uwizeye amesimama mlangoni. Aliwasha mbabula, jiko lao la makaa, akabandika sombe ya majani ya muhogo, na hapo ndipo Uwizeye alipomweleza yote, toka dirisha hadi mlango, toka herufi ya kwanza hadi makofi ya muuguzi. Mama hakumkatiza. Hakumpiga wala kupaza sauti. Sombe ikaungua, harufu ikajaa nyumba, na hakuna aliyeiepua.

"Siku ile nilimushukuru Mungu," Mama alisema mwishoni. Ndilo neno pekee alilosema jioni ile. Uwizeye aliona afadhali angechapwa.

Asubuhi walikwenda hospitali. Na nani aliyewapokea kwenye chumba cha macho? Ni yuleyule mama wa kitambaa cha kijani. Alimtazama Mahoro, akacheka kwa furaha.

"Huyu si yule wa macho ya tai?"

Mama Mukamugema alitazama sakafu. Uwizeye alijua kwamba mama yake hatasema, angemfichia aibu. Basi alisema mwenyewe. "Mama, siku ile hakujibu yeye. Nilimujibia. Nilikuwa namuvuta mukono."

Kicheko cha Kadidja kikafa. Alimbeba Mahoro kumpeleka kwa daktari.

Daktari alimpima asubuhi nzima kwa taa na mashine, kisha akaita Mama na Uwizeye. Alieleza kwamba Mahoro ana presha ya macho. Ndani ya jicho kuna maji, na njia yake ya kutokea ikiziba, maji hujaa na kukandamiza mshipa unaopeleka picha kwenye ubongo. Haliumi sana, na kwa hiyo mtoto halalamiki. Mshipa huo hufa kidogo kidogo, na ukishafa haufufuki kwa dawa wala kwa upasuaji.

"Jicho la kushoto limekwisha," alisema. "La kulia limeanza kuharibika, lakini lililobaki tunaweza kulilinda. Tutalifanyia upasuaji upesi, na atatiwa dawa ya matone kila siku, maisha yake yote."

"Na kama tungekuja wakati ule bapima ku masomo?" Mama aliuliza.

Daktari alizima taa yake. Alimtazama Uwizeye, na ilionekana angependa kudanganya. "Jicho la kushoto lilikuwa limechelewa tayari," alisema. "Lakini la kulia lingebaki na nguvu zaidi ya hii. Nasikitika."

Uwizeye aliyapokea maneno hayo, na sitakuficha, msomaji, hayajamtoka hadi leo. Majuto ni mjukuu, husemwa, na mjukuu huyu alikuja akakaa.

Mahoro alifanyiwa upasuaji. Baba alishuka toka Kibumba na udongo wa shamba bado miguuni, akalala chini ya kitanda cha mwanawe. Mama alisema naye uani muda mrefu. Baba aliporudi, alimwita Uwizeye akamketisha karibu yake, na Uwizeye akajua kwamba ameambiwa.

Bandeji ilipotolewa na jicho likapona vizuri, ilifika siku ya kupimwa tena. Kadidja alitundika karatasi ileile ya herufi E. Mahoro alinyoosha mkono wa kulia pembeni, kama desturi yake.

"Leo hapana, baba," Kadidja alimwambia. "Dada ataketi nyuma ya pazia."

Uwizeye aliketi nyuma ya pazia jeupe, mikono ameikalia ili isimponyoke. Alisikia fimbo ikigonga ukuta.

"Juu," Mahoro alisema. "Mulango. Chini. Dirisha." Fimbo ilishuka mstari, ikashuka mwingine. Sauti ya Mahoro ikawa ndogo. "Yaya, uko pale?"

"Niko."

Fimbo ikagonga mara ya pili. Mikono ya Uwizeye ilimuuma chini ya mapaja yake. Alijua jibu, karatasi ile aliikariri yote. Hakusema.

"Sione," Mahoro alisema. Kisha akaanza kulia. "Mama, hapa sione. Munanipeleka sasa?"

Kadidja aliweka fimbo chini, akamketisha Mahoro mapajani, akamwita Uwizeye atoke nyuma ya pazia.

"Hakuna mutu atakupeleka pahali," alisema. "Utarudi ku masomo yenu, na nitamwambia mwalimu akuketishe mbele kabisa, upande wa kushoto wa darasa, ili jicho lako la kulia liangalie ubao. Na yule rafiki yenu wa kule Kibumba, Mama yenu aliniambia wazazi wake njo walimuchagulia masomo yale, ili afundishwe kusoma kwa vidole. Mungeuliza mutu mukubwa, angewaambia. Lakini muliogopa wawili tu, muliogopa kimya."

Mahoro alifuta pua. Uwizeye aliinamisha kichwa.

"Uwizeye, angalia miye," Kadidja aliendelea. "Miye pia nilikosa siku ile. Foleni ilikuwa ndefu, nikapiga makofi bila kuangalia mukono. Nitaishi na ile kosa yangu, na weye utaishi na yako. Wazee walisema, mficha maradhi kilio humfichua. Weye ulimupenda mudogo wako, hilo hakuna mutu analikataa. Lakini mugonjwa ukimupenda, umuache aseme 'sione' mbele ya muganga. Jibu baya la kweli njo linamupatia dawa. Jibu zuri la uongo lilimuchukulia mwangaza. Umesikia, mama?"

"Nimesikia," Uwizeye alisema, na machozi yakamwagika.

"Basi usikufe na uchungu. Kuna matone ya kutia kila asubuhi na kila jioni. Mama anachoka, Baba iko mbali. Ile kazi inataka mutu mwenye mukono mutulivu."

Tangu siku hiyo Uwizeye ndiye anayetia matone, na hajakosa. Kule labo, Muzee aliondolewa katika hesabu ya kipimo, akapewa tangi lake mwenyewe. Uwizeye humwangushia chakula kwenye kona ileile kila mara, naye huja polepole mpaka akipate. Kila mwanzo wa mwaka wa masomo, wauguzi wanapokuja, Uwizeye husimama mbele ya wadogo na kuwaeleza kwamba anayesema haoni haendi popote ila kwa daktari. Farida humsaidia, na hapo angalau habari zake ni za kweli.

Lakini turudi kwenye siku ile ya kipimo cha pili. Walipotoka hospitali walikwenda kwa miguu kutoka barabara kubwa hadi nyumbani, Mama mbele na mzigo, watoto nyuma. Uwizeye alianza kushika mkono wa kulia kama kawaida. Kisha akauachia, akazunguka nyuma ya Mahoro, akaenda kushotoni kwake, upande wa jicho lililokufa, akaushika mkono wa huko. Chukudu iliyojaa makaa iliteremka upande huohuo, ikampita Uwizeye karibu, haikumkaribia Mahoro.

Mbele kulikuwa na jiwe kubwa. Uwizeye akabonyeza.

"Usibonyeze, Yaya," Mahoro alisema. "Uniambie tu."

"Jiwe," Uwizeye alisema.

Mahoro aliinua mguu, akalivuka.